Ploti ya gereji Industrial Area: tupime nini kabla ya kununua?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mweka hazina wa chama cha watu kumi na wawili, wengi wetu wakazi wa Buruburu. Tumeonyeshwa ploti ya nusu eka Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road, kwa bei ya chini kuliko zote tulizoona. Kwa miaka mingi ilikuwa gereji ya malori, na huko nyuma kuna banda ambamo vijana walikuwa wakiyeyusha betri kuukuu. Tunataka kujenga fleti za kupangisha, chini tuweke chekechea, na tuchimbe kisima chetu. Mwenye ploti anasema pote pamemwagwa zege, hakuna shida. Mlinzi, anayeishi pale na mkewe na mtoto wao mdogo na ambaye amepanda sukuma wiki nyuma ya banda, ametunong'oneza kwamba mvua ikinyesha pananuka dizeli. Wenzangu wanasema Industrial Area yote inanuka. Je, kuna haja ya kupima udongo? Na tukipima, tutafute nini?

JIBU: Mweka hazina, haja ipo, na mpime kabla hamjatoa pesa ambazo hazitarudi. Sikutishi. Ploti kama hiyo hujengeka, na ya bei hiyo inaweza hata kuwa nafuu ya kweli, mradi mjue mnachokinunua pamoja nayo. Sisi tunaofanya kazi hii huuliza mambo matatu: ardhini kuna nini, kinapitia wapi, na kinamfikia nani. Sumu iliyolala chini ya maegesho ya magari, ambako hakuna anayeigusa wala kuivuta puani, ina uzito wake. Sumu hiyohiyo ikiwa uwanjani, mahali mtoto wa miaka mitatu anapofinyanga udongo na kutia vidole mdomoni, ni balaa la namna nyingine. Ndiyo maana chekechea yenu imenishtua kuliko harufu ya dizeli.

Nianze na betri. Betri ya lori ni mabamba ya risasi, yaani madini ya lead, yaliyozamishwa ndani ya asidi ya salfa. Anayeichakata kienyeji huipasua kwa shoka, humwaga asidi palepale, hung'oa mabamba na kuyayeyusha kwenye karai juu ya makaa. Risasi inayopanda na moshi nyingi yake huanguka karibu na moto, na inayobaki kwenye mavi ya chuma hutupwa kando ya ukuta. Dizeli huliwa na bakteria mwaka baada ya mwaka, lakini risasi haiozi. Kwa kawaida hung'ang'ania sentimita 30 za juu za udongo, palepale mikono ya watoto inapofika, ila asidi ikimwagwa pamoja nayo huishusha chini zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima.

Nchi hii imeshaliona jambo hili. Owino Uhuru, kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Hapa Nairobi, utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi kwa kila desilita ya damu. Katika udongo, asilimia 42 ya sampuli zilikuwa na zaidi ya miligramu 400 za risasi kwa kilo, ilhali udongo usiochafuliwa huwa na kama 50.

Ishike hiyo 400. Marekani waliitumia kwa miaka mingi kama kizingiti cha kuanza kushughulika na udongo wa makazi, kisha mwaka 2024 wakakiteremsha hadi 200. Uholanzi wana kiwango chao cha 530 cha kulazimisha hatua. Wataalamu wa hapa kwetu huazima namba hizi za nje, kwa hiyo mkiletewa ripoti inayosema udongo "umepita", ulizeni umepita kwa kipimo cha nchi gani na kwa matumizi gani. Ripoti iliyotumia kipimo cha kiwanda kuhukumu ardhi ya chekechea ni karatasi ya kufungia mandazi.

Kazi ya kwanza haihitaji hata jembe. Fanyeni search ya ploti kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, kisha msome masharti ya lizi mstari kwa mstari, na majina ya waliowahi kuimiliki yawaonyeshe biashara zilizopita pale kabla ya gereji. Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji ardhi pale Ruaraka, wana picha za zamani zilizopigwa kwa ndege. Kwa miaka ya karibuni, Google Earth itawarudisha nyuma bure kabisa. Angalieni banda lilianza kuonekana lini, mapipa yalikuwa yakipangwa wapi, madoa meusi yalikuwa upande gani. Muhimu zaidi, angalieni zege lilimwagwa lini. Zege lililomwagwa muda mfupi kabla ya ploti kutiwa sokoni lina maswali ya kujibu.

Baadaye mtafute fundi mzee aliyefanya kazi pale, au mama mwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara. Msiwaulize kama ardhi ni chafu, watawajibu ni safi. Waulizeni oili chafu ilikuwa ikimwagwa wapi, injini zilikuwa zikioshwa na nini, kama kulikuwa na pampu ya dizeli ya malori yenyewe. Watu hukumbuka kazi zao vizuri sana wakiulizwa kuhusu kazi.

Mkitembea ndani ya ploti, tazameni ukutani. Bomba jembamba la chuma lililosimama wima bila kazi yoyote mara nyingi ni la kupumulia tangi lililofukiwa chini. Nyuma ya banda mtafute vipande vyeusi vya plastiki ngumu, magamba ya betri yale, na mavi ya chuma mazito kuliko ukubwa wake. Utando mweupe juu ya udongo, au mahali ambapo hata magugu yamekataa kuota, patieni alama kwenye ramani yenu. Mabati ya asbesto yaliyokatika yana utaratibu wake wa kuondolewa, msiyavunjevunje. Na mkikuta transfoma kuukuu, isifunguliwe wala mafuta yake yasichotwe na mtu yeyote: za zamani huweza kuwa na PCB, kemikali ambazo Kenya, kama mwanachama wa Mkataba wa Stockholm tangu 2004, ina wajibu wa kuziondoa.

Sasa ile harufu. Upande huo wa mji umekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, na chini yake mwamba mgumu wa fonolaiti. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono, na dizeli iliyomwagika hushukia humo bila kuchujwa na chochote. Masika yakifika, udongo hufura na kufunga nyufa, na maji hutuama juu ya mwamba. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, basi huelea. Maji yakipanda huinyanyua, na mvuke wake hutafuta pa kutokea: kwenye mipasuko ya zege, kwenye shimo la kukagulia magari, kando ya msingi wa ukuta. Wenzako hawakukosea kwamba Industrial Area inanuka, lakini harufu inayokuja na upepo ni ya jirani. Inayokuja na mvua ni yenu.

Kwa hiyo zege la mwenye ploti halijasafisha kitu. Limezuia vumbi, na hilo ni jambo jema, lakini mvuke wa petroli una benzini, inayosababisha saratani, na hupenya zege lenye nyufa hadi ndani ya chumba. Mji wa Niagara Falls, Marekani, ulijenga shule kwenye ardhi yenye handaki, liitwalo Love Canal, lililojazwa taka za kemikali na kufunikwa udongo. Halmashauri ya shule iliuziwa ardhi hiyo mwaka 1953 kwa dola moja. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura pale Love Canal, na familia zikahamishwa.

Kupima kwenyewe. Mhandisi wa ujenzi atachimba mashimo ya kuchunguza msingi, hilo haliepukiki. Basi mtaalamu wa mazingira awepo siku hiyohiyo achukue sampuli kutoka mashimo yaleyale. Mtaokoa gharama ya kuchimba mara mbili. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, na gridi ya mita 10 kwa 10 itawapa pointi 20 hivi. Mimi nisingezigawa sawasawa. Ningezijaza kuzunguka banda, shimo la gereji na bomba la kupumulia, kisha nitawanye chache kwingineko. Kila pointi ichukuliwe sampuli ya juu kabisa, ya sentimita 15 za kwanza, nyingine nusu mita, nyingine mita moja, na ya mwisho pale udongo unapokutana na mwamba, maana huko ndiko mafuta hujikusanya.

Simama hapo shimoni uangalie wanavyofanya. Glavu mpya kwa kila sampuli. Mwiko unaoshwa na kusuuzwa kabla ya kuguswa udongo mwingine. Udongo wa kupimwa mafuta huingia kwenye chupa ya glasi, hujazwa hadi mdomoni bila kuacha hewa, hufungwa papo hapo na kutiwa ndani ya kasha la barafu, kwa sababu benzini huruka na chupa iliyoachwa wazi juani kwa dakika kumi itatoa matokeo ya uongo ya kupendeza. Wa kupimwa risasi mfuko safi wa plastiki unatosha. Kila chupa iandikwe namba, kina na saa, na fomu isainiwe na kila anayeipokea hadi maabara. Mkimwona mtu anachota udongo wa pembe nne za ploti na kuuchanganya kwenye ndoo moja ili apeleke sampuli moja, mlipeni nauli aende zake. Udongo safi wa getini utaficha uchafu wa bandani.

Chukueni pia sampuli mbili tatu kutoka mahali pasipoguswa, nje ya ploti. Udongo wa Nairobi ni wa volkeno na una manganizi na zinki zake za asili. Bila sampuli hizo mtalipia kusafisha kazi ya Mungu.

Siku hiyo kuna kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma risasi kwa sekunde chache. Ni kizuri cha kufuatilia mpaka wa uchafu, hatua kwa hatua kutoka bandani, lakini namba za kupeleka kwa wakili zitoke maabara yenye ithibati ya KENAS, shirika la taifa linalothibitisha maabara, kwa vipimo hivyo hasa, si ithibati ya kupima unga. Kwa ploti yenu pimeni risasi, aseniki na kadimiamu, uchachu wa udongo kwa ajili ya ile asidi, jumla ya mafuta ya petroli, benzini na jamaa zake, na vimumunyisho vya kuoshea vyuma ikiwa fundi mzee amevitaja. Haina maana kupima kila kitu kilichoorodheshwa kwenye bei ya maabara.

Tuseme mmekuta risasi bandani na dizeli shimoni, jambo ambalo ningelitarajia. Hapa kuna habari njema ambayo watu huisahau: mhandisi wenu atawaamuru mwondoe udongo mweusi hata kama ungekuwa safi kama wa madhabahuni, kwa sababu hufura na kupasua sakafu. Uchafu mwingi utapanda lori kwa vyovyote vile. Tatizo ni lori linakwenda wapi. Likiachiwa dereva, atamwaga kwenye timbo kuukuu au ukingo wa Mto Ngong, ama amuuzie mtu anayejaza kiwanja chake kule Njiru, na mtoto wa huko arithi risasi ya Lunga Lunga. Kanuni za taka zinataka taka hatari zibebwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hati za kufuatilia mzigo hadi unakopokelewa.

Hiyo ndiyo faida ya kupima vizuri, na ni faida ya pesa taslimu. Banda la mita 10 kwa 12 likichimbwa nusu mita ni mita za ujazo 60. Nusu eka nzima ikichimbwa mita moja ni 2,000 na ushei. Tofauti ya gharama kati ya kushughulikia 60 kama taka hatari na kushughulikia 2,000 inaweza kumaliza akiba ya chama, na kinachotenganisha hizo mbili ni ramani ya sampuli. Kila rundo likae peke yake, limefunikwa turubai, na lile la bandani lisichanganywe hata koleo moja na mengine.

Udongo wa dizeli si lazima usafirishwe. Hurundikwa juu ya nailoni nzito, huchanganywa na samadi, hulowanishwa na kugeuzwa, na bakteria humaliza kazi kwa miezi kadhaa. Joto letu hulisaidia zoezi hilo. Kama kuna tangi, litolewe na watu wenye ujuzi wa kulimaliza mvuke kwanza. Fundi wa welding akilikata tangi "tupu" huweza kulilipua. Tena upande huo hakikisheni ploti haigusi njia ya bomba la mafuta. Moto wa Sinai wa Septemba 12, 2011, ulioua watu zaidi ya mia moja, ulikuwa hapohapo jirani.

Katika mchoro, ningefanya ghorofa ya chini yote kuwa maegesho yaliyo wazi pande zote. Mvuke ukitoka utachukuliwa na upepo, na hakuna atakayelala juu ya udongo. Chekechea itafutiwe jengo lingine. Mkiishikilia, ipande juu, na uwanja wake upate tabaka la udongo safi, nusu mita au zaidi, juu ya kitambaa cha rangi kali ili atakayechimba baadaye ajue amefika mpaka.

Kisima kisubiri matokeo. Maji ya visima virefu vya Nairobi hutoka chini sana, lakini kisima kisichozibwa vizuri kwa saruji pembeni ya bomba lake huteremsha uchafu wa juu hadi huko, na hapo mmewachafulia majirani wote. Muombe kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, mkichimbe mbali na banda, na zile mita za juu zizibwe mkitazama. Maji yakitoka na floraidi nyingi msilaumu gereji. Hiyo ni ya miamba yetu, ingawa ikizidi miligramu 1.5 kwa lita bado hayafai kunywa bila kusafishwa.

Mlinzi asingoje ripoti. Mwambieni wiki hii aache kuvuna ile sukuma wiki, maana vumbi la bandani hukaa kwenye majani. Mtoto asicheze nyuma, sakafu wanayolala ipigwe deki yenye maji badala ya kufagiwa, na apelekwe hospitali inayoweza kupima risasi kwenye damu. Kipimo hicho lipieni ninyi. Mlinzi ndiye aliyewapa taarifa ambayo dalali hakuwapa.

Mwisho ni mkataba. Kwa kawaida hapa kwetu hulipwa amana ya asilimia 10, na kukamilisha ni siku 90, muda unaotosha kupima ploti ya nusu eka msipolala. Wakili aandike kwamba mna ruhusa ya kuingia na kuchimba, kwamba amana inakaa kwa mawakili hadi matokeo yatoke, na kwamba risasi ikizidi kiwango mlichokitaja kwa namba, au likipatikana tangi, bei inapunguzwa kwa gharama ya kusafisha ama mnajitoa na kurudishiwa amana yote. Kifungu cha 108 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinaipa NEMA uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, na msingependa amri hiyo iwakute ninyi ndio mnaokalia ardhi huku aliyechafua haonekani. Mwenye ploti akiwakataza kuchimba, amewajibu bila gharama ya maabara.

Mtahitaji pia kubadilisha matumizi ya ploti kutoka viwanda hadi makazi kupitia kaunti, na leseni ya NEMA ya tathmini ya mazingira. Ripoti nyingi za tathmini za fleti huutaja udongo kwa sentensi mbili. Mpeni mtaalamu wenu matokeo ya maabara ayaingize yote, pamoja na ramani ya pointi na hati za malori, na nakala ya kila kitu ikae kwenye faili ya ploti. Siku mtakapoomba mkopo au kuuza, benki ndiyo itakuwa ya kwanza kuiulizia.